Tuwashe Dashibodi za Haisi Zetu

Ndugu abiria wenzangu, madereva, makonda, wenye magari, na ninyi mafundi umeme mnaoshinda chini ya miembe na testa mkononi, naomba tuzungumze kidogo juu ya jambo ambalo tumelizoea mpaka hatulioni. Panda haisi ya jioni, iwe ya Mbagala au ya Marangu, ukae siti ya mbele. Redio inawaka rangi zote. Juu ya kioo kuna utepe wa taa za bluu zinazocheza na muziki. Ila nyuma ya usukani, pale penye mishale ya spidi, joto na mafuta, ni giza tororo. Dereva akitaka kujua gari linakwenda kasi gani anamulika kwa simu, mkono mmoja ukiwa kwenye usukani. Wengi hata hawamuliki. Wanasikiliza injini, basi.

Wito wangu ni huu: tuziwashe taa hizo. Ni kazi ya asubuhi moja kwa fundi anayejua anachofanya, na globu zenyewe ni katika spea za bei ya chini kabisa utakazokuta dukani. Gari la abiria si mali ya mtu mmoja linapokuwa barabarani. Mwenye gari yuko nyumbani amelala, sisi kumi na kadhaa ndio tuliomo ndani, na kuna wengine wako pembeni ya barabara na baiskeli zao na ndoo zao. Giza la dashibodi linatuhusu sote.

Najua jibu nitakalopewa stendi: "Mzee, gari hili nimelala nalo nimeamka nalo, mshale wa nini?" Uzoefu nauheshimu sana. Lakini sikio lina udhaifu wake. Mtu aliyekimbia 80 kwa muda mrefu, akipunguza hadi 60 huhisi kama gari limesimama. Kibao cha 50 cha kijijini kinampita huku akiamini ametii. Mchana mshale ungemkumbusha. Usiku anakumbushwa na trafiki mwenye tochi, au na mtoto anayevuka kwenda dukani. Tangu 2023 mabasi ya mikoani Tanzania yameruhusiwa tena kusafiri usiku, na abiria anayeshushwa saa tisa za usiku naye anahitaji haisi ya kumfikisha kwake. Saa za giza barabarani zimeongezeka, wala si za kusafiri kwa kukisia.

Wenzetu Kenya wana kidhibiti mwendo. Kanuni zilizoanza kutumika Februari 2004, ambazo watu mpaka leo huziita sheria za Michuki kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule, John Michuki, ziliitaka kila matatu iwe na kifaa cha kuizuia isivuke kilomita 80 kwa saa, na mikanda kwenye siti. Zilikuwa kanuni nzuri. Hata hivyo kidhibiti mwendo kinajua kikomo kimoja tu. Hakijui kwamba hapa ni shuleni, pale ni sokoni, na kwamba 80 katikati ya soko la Gikomba ni balaa. Cha kumwambia dereva yuko 40 au yuko 65 ni ule mshale, nao usiku hausomeki bila taa.

Haisi ina jambo lake jingine. Toyota walianza kuitengeneza HiAce mwaka 1967, na hizi tunazopanda nyingi ni za vizazi viwili: ile iliyotoka 1989 na ile iliyotoka 2004. Zote mbili injini imekaa chini ya siti za mbele. Dereva na abiria wake wa mbele wameikalia. Joto la chini ya makalio wamelizoea, hivyo si rahisi wao kutambua kwa hisia kwamba leo limezidi. Anayetambua ni mshale wa joto. Injini za dizeli za 2L, fundi yeyote wa zamani atakusimulia zinavyopasua silinda hedi zikichemka. Rejeta inavuja kidogo kidogo, mshale unapanda kidogo kidogo, na katika mlima wa usiku hakuna anayeuona. Kesho yake mwenye gari anauza ng'ombe. Huyo hakuibiwa na mtu. Amekosa globu.

Sasa nieleze kitu ambacho ndicho hasa kilichonisukuma kuandika, maana nimegundua madereva wengi, hata wa siku nyingi, hawakijui.

Taa zinazoangaza mishale hazina umeme wao peke yao. Ukizungusha swichi ya taa hatua ya kwanza, zinawaka kwa pamoja taa ndogo za mbele, taa nyekundu za nyuma, taa ya namba ya gari, na taa za dashibodi. Ni familia moja. Katika Toyota nyingi za zamani njia hiyo inalindwa na fyuzi iliyoandikwa TAIL. Taa kubwa za mbele zina fyuzi zake, na taa za breki zina yake. Kwa hiyo fyuzi ya TAIL ikikatika njiani, dereva anaendelea kuiona barabara vizuri kabisa, na akikanyaga breki nyuma panawaka. Dalili pekee inayomfikia pale alipokaa ni kwamba dashibodi imezimika. Hajui kwamba na nyuma amezimika vilevile, kwamba lori linalomfuata halioni chochote mpaka atakapogusa breki.

Hebu lifikirie hilo taratibu. Giza la dashibodi mara nyingine ndilo taarifa ya giza la nyuma. Dereva ambaye dashibodi yake imekuwa giza tangu mwaka juzi kwa sababu ya globu zilizoungua, ameipoteza taarifa hiyo. Siku fyuzi itakapokatika kweli, kwake hakutabadilika kitu. Ataendelea na safari, muziki unapiga, abiria wanasinzia, na nyuma ya gari ni nyeusi kama lami. Ajali za kugongwa kwa nyuma usiku tunazisikia redioni kila mara, na kila mara tunasema ni mwendo kasi wa yule aliyegonga.

Kwa hiyo, dereva, dashibodi ikizimika ghafla, jambo la kwanza ni kushuka na kwenda nyuma ya gari kuangalia. Pale penye usalama, simama, washa hazadi, mtume konda atazame. Kama nyuma kunawaka, una tatizo la dashibodi tu na unaweza kumaliza safari kwa uangalifu. Kama nyuma ni giza, usiendelee mpaka fyuzi ibadilishwe.

Na hapo kwenye fyuzi naomba tusidanganyane. Ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara si fyuzi. Wala kuchomeka ya ampea 30 mahali pa 10 au 15 si ufundi. Globu moja ndogo ya dashibodi ya wati 1.2 kwenye umeme wa volti 12 inakula ampea 0.1 hivi. Globu za aina hiyo hata zikiwa kumi haziwezi kukata fyuzi ya ampea 10. Ikikatika, maana yake kuna waya unaopiga shoti mahali fulani, na fyuzi imefanya kazi yake kwa kufa kabla ya waya kuungua. Ukiizuia isife, atakayeungua ni waya, na waya huo unapita chini ya kapeti, karibu na siti, karibu na sisi.

Shoti hiyo kwenye haisi hutafutwa sehemu mbili kwanza. Moja ni nyuma ya redio. Waliofunga redio kubwa baada ya gari kufika nchini walikuta waya unaoleta umeme wa taa za dashibodi ili redio nayo ijue ni usiku. Kama hawakuutumia, mara nyingi uliachwa ukining'inia bila tepu, na siku moja kwenye tuta unagusa bodi ya gari. Ya pili ni mlango wa nyuma. Mlango ule hufunguliwa na kufungwa mara nyingi kuliko milango ya magari mengine, kwa mizigo, magunia, vitanda, hata majeneza. Nyaya za taa ya namba zinapita kwenye bomba la raba karibu na bawaba. Raba inakakamaa, nyaya zinakunjwa hapo hapo kila siku, mwisho zinachubuka na kugusana na chuma. Gari linaonekana lina wazimu: fyuzi inakatika kila mlango ukifunguliwa, dashibodi inazimika, na fundi anachokonoa usukani siku nzima ilhali ugonjwa uko mkiani.

Kabla ya yote hayo lakini, kwenye magari mengi kuna kigurudumu kidogo karibu na usukani cha kupunguza na kuongeza mwanga wa dashibodi. Kizungushe. Nina hakika kuna haisi hapa mjini ambazo zimekaa gizani kwa sababu tu mtoto wa mtu alikizungusha mpaka mwisho. Na hata kama hakikuzungushwa, ndani yake huingia vumbi na kutu. Kikipelekwa huku na huku mara kadhaa, mwanga unaweza kurudi wenyewe, na hapo fundi hudai hela ya soda tu.

Kama nyuma kunawaka, fyuzi ni nzima na kigurudumu hakina kosa, basi ni globu. Mwenye subira anaweza kufanya mwenyewe, ila asikurupuke. Terminali hasi ya betri itolewe kwanza. Plastiki inayozunguka mishale imeshikwa na skrubu, na moja au mbili hujificha, hivyo ukiona inagoma usiivute kwa nguvu, tafuta skrubu. Ukishaitoa utaona boksi la mishale, nalo lina skrubu zake tatu au nne. Haisi za zamani zaidi bado zina kebo ya spidi, ile inayozunguka kutoka kwenye gia boksi. Ina kishikio cha plastiki cha kubonyeza, na wengi wamekivunja kwa pupa wakabaki na mshale wa spidi uliokufa kabisa. Plagi za nyaya nazo hubonyezwa, hazivutwi kwa nyaya. Na kwenye magari mapya kidogo yenye mifuko ya hewa, plagi za njano usiziguse wala usizipime kwa testa.

Ukiligeuza boksi, mgongoni utakuta karatasi laini ya plastiki yenye njia za shaba, ndizo nyaya zenyewe, na juu yake soketi ndogo za kuzungusha robo mzunguko. Globu zake hazina kitako cha chuma. Ni kioo kitupu kilichokunjiwa nyaya mbili ndogo. Dukani huitwa T10 na T5, ile nene na ile nyembamba, kwa hiyo nenda na sampuli mkononi. Iliyoungua kioo chake huwa cheusi au kijivu. Ushauri wangu ni kubadilisha zote za kuangaza kwa mpigo mmoja. Zilitoka kiwandani siku moja, zimetikiswa na barabara zile zile, na uzi wa ndani wa zilizobaki umeshachoka. Hakuna sababu ya kufungua boksi leo kwa globu mbili, ukalifungua tena mwezi ujao kwa mbili nyingine. Sehemu soketi inapogusa shaba safisha kwa kifutio cha penseli. Kisu kinakwangua shaba, na njia ile ikikatika kuiunga ni kazi kubwa kuliko yote uliyofanya.

Watu wananiuliza kuhusu globu za LED. Ni nzuri: hazipati joto sana, hazikatwi na mtikisiko, zinakula umeme kidogo. Zina upande, kwa hiyo isipowaka igeuze kabla ya kuilaumu. Ila chagua zenye mwanga wa kiasi. Dashibodi inayong'aa kama duka la simu inamchosha dereva macho na kumpunguzia uwezo wa kuona gizani nje, na nyingine hazikubali kupunguzwa kwa kile kigurudumu. Na kuna taa moja msiiwekee LED: ile nyekundu yenye picha ya betri. Katika magari mengi ya zamani umeme unaopita kwenye globu hiyo ndio unaoiamsha alternata ianze kuchaji. Ukiweka LED tupu, au ukiiacha imeungua, alternata inaweza kuchelewa kuchaji au isichaji kabisa mpaka injini ikimbie sana, halafu unanunua betri mpya ukidhani ya zamani ndiyo mbovu.

Hiyo inanileta kwa taa za tahadhari, ambazo ni familia nyingine: oili, betri, breki, na kwenye dizeli ile ya kuchemsha plagi, ile ya maji kwenye chujio la mafuta, na katika nyingi ile iliyoandikwa T-BELT inayowaka baada ya kilomita kama 100,000 kukukumbusha kubadilisha mkanda wa taimingi. Hizi hazitegemei swichi ya taa. Geuza ufunguo hadi ON bila kuwasha injini, na taa kuu za hatari lazima ziwake zenyewe: oili, betri, na ya breki kama handibreki imevutwa. Ukiwasha injini, zinazimika. Isiyowaka wakati huo imekufa, na taa iliyokufa haitakuonya siku ya siku. Ni jaribio la sekunde tano, halihitaji fundi wala hela. Naomba kila dereva alifanye asubuhi kabla ya abiria wa kwanza.

Mafundi, ndugu zangu, kwenu nina ombi zito kidogo. Mnajua, nami najua, kwamba kuna magari ambayo taa ya cheki injini haikuzimika kwa kutibiwa. Ilinyofolewa globu, au ikabandikwa tepu nyeusi kwa nyuma, au waya wake ukaunganishwa na wa taa ya oili ili ziwake na kuzimika pamoja mnunuzi asishtuke. Aliyewaomba kufanya hivyo alikuwa na haraka ya kuuza, na mkono wa fundi unahitaji kula, naelewa. Lakini gari hilo linaishia kwenye ruti, na kwenye ruti anapanda mama yako. Kataeni. Mkifungua boksi la mishale kwa kazi yoyote nyingine na mkakuta tepu, mwambieni mwenye gari. Hata kama hatalipia, ajue.

Wenye magari, hesabu za kila siku mnazidai kwa dereva saa mbili usiku. Ulizeni na dashibodi. Dereva wa kukodishwa hana moyo wa kutumia hela yake kwenye globu ya gari la mtu, na hilo haliwezi kuwa kosa lake. Mwekeeni fungu dogo la fyuzi na globu, na pakiti ya fyuzi za akiba za saizi sahihi ikae ndani ya gari. Vyama vya madereva vya stendi, na kule Kenya sacco za matatu, vina uwezo wa kufanya kwa siku moja kile ambacho mtu mmoja mmoja anakiahirisha mwaka mzima. Mwiteni fundi umeme Jumapili moja wakati magari yamepumzika. Anunue globu kwa jumla Kariakoo, au Kirinyaga Road kwa walioko Nairobi, na gari moja baada ya jingine lipite mikononi mwake. Msisubiri Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani mkimbizane na stika.

Abiria, sisi tuna kazi nyepesi lakini inayohitaji adabu. Kumfokea dereva mbele ya watu hakujawahi kutengeneza gari. Ukikaa mbele ukaona giza, subiri mfike kituoni, halafu sema kwa upole: "Kaka, naona dashibodi haiwaki. Taa za nyuma umeziangalia?" Swali hilo moja linatosha, kwa sababu akishuka kuangalia na kukuta nyuma ni giza, hutahitaji kumweleza zaidi. Na ukishuka wewe mwenyewe usiku, geuka uitazame haisi inapoondoka. Kama haina mwanga mwekundu nyuma, piga kelele, gonga bodi, mwite konda. Wengine watakuona mbeya, waache.

Nimeliacha la haisi za shule mwisho kwa makusudi. Hizo huanza kuokota watoto saa kumi na moja alfajiri, bado giza, zikisimama kila baada ya nyumba chache, pembeni ya barabara ambayo malori yanaharakisha kuingia mjini. Gari linalosimama mara nyingi hivyo gizani linahitaji taa za nyuma kuliko gari lolote. Wazazi, kikao cha kwanza cha mwaka kina ajenda nyingi: ada, sare, uji. Kabla hakijaanza, mwombeni mwalimu mkuu aziite haisi zote uwanjani. Mzazi mmoja akae siti ya dereva ageuze ufunguo hadi ON na kutazama taa za tahadhari, kisha azungushe swichi ya taa hatua ya kwanza. Mwingine asimame nyuma ya gari, aseme kwa sauti anachokiona. Lisilowaka lisibebe mtoto mpaka liwake, na jina la gari hilo liandikwe kwenye muhtasari wa kikao.